Acheni kumwaga funguo za AWS kwa grupu

Wasee, hii tabia lazima iishe. Hapa Machakos nimeiona mara nyingi: anayefunza anafungua akaunti moja ya AWS, anatoa funguo za akaunti kuu, anazimwaga kwa grupu ya WhatsApp. Watu ishirini wanaingia saiba, wanaandika aws configure, wanabandika, na mambo yanakubali. Darasa limeisha.

Sasa ungetuma PIN ya M-Pesa ya mamako kwa hiyo grupu?

Kwa sababu hizo funguo hazijaenda mbinguni. Ziko kwenye faili inayoitwa credentials, ndani ya folda ya .aws, maandishi matupu, hayajafichwa na chochote. Dakika zako zikiisha ukatoka, zinabaki hapo. Anayeketi baada yako anafungua na Notepad. Na akaunti kuu haina mipaka: anaweza kuwasha mashine kubwa huko Ohio na Tokyo achimbe sarafu za kidijitali, na bili inakuja kwa dola kwa mwenye kadi.

“Sisi ni wanafunzi tu, nani atatudukua?” Buda, boti haiulizi uko mwaka wa ngapi. Na wakubwa pia huumia. Mwaka 2016 wadukuzi walipata funguo za AWS za Uber kwenye GitHub ya wahandisi wake, wakaondoka na data ya watu milioni 57.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna haja. AWS wana CloudShell: unaingia kwa brauza, CLI iko tayari, bure, na GB 1 ya kuhifadhi kazi yako. Google nao wana yao, GB 5. Hakuna kuinstall, hakuna funguo za kubandika. Wewe tu usisahau kutoka kwenye akaunti kabla ya kuamka kwa kiti. Mwenye laptopu yake aanze na aws configure sso, apewe ruhusa ya saa chache, ikiisha imeisha.

Tunajengewa Konza hapo karibu, kesho mmoja wetu atashika data ya sacco, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Hii ndiyo tabia ataenda nayo?

Walimu, mnatoza ada. Mfungulieni kila mtu jina lake, lenye ruhusa ndogo. Na zile funguo ziko kwa grupu, zizimeni leo kwenye akaunti yenyewe. Kufuta meseji hakutoshi, kuna mtu alishapiga skrinshoti.