Kalemie: Waya wa bafle upite ndani ya mpira wa mlango, si pembeni

Katika mtaa wa Katanika, mjini Kalemie, jimbo la Tanganyika, kama katika mitaa mingine yenye garaji, kuna kazi ambayo wengi wanaiona kuwa ndogo: kupitisha waya mpya wa bafle ndani ya mlango wa gari. Bafle, ile ambayo ndugu wa ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanaiita spika, imenyamaza. Mwenye gari anasimama pembeni, funguo mkononi, anataka iimbe kabla ya saa sita. Fundi anakata waya, anaupitisha kwenye nafasi iliyo kati ya mlango na nguzo ya gari, anafunga skochi, redio inaimba, anapokea pesa. Kila mmoja anaenda zake akifurahi.

Furaha hiyo haidumu. Waya uliopitishwa namna hiyo utakatika, na siku utakapokatika unaweza kuharibu redio nzima. Inafaa kusema wazi: kazi ya aina hiyo iachwe. Na wa kwanza kuiacha si fundi, ni mwenye gari anayeiomba kwa haraka na kwa bei ya chini.

Kwanza ieleweke kwa nini kazi hii ni nyingi. Gari nyingi zenye usukani upande wa kuume zinazotembea mashariki mwa Kongo zilianza maisha yao Japani. Kule, kwa miaka mingi, redio za FM zilisikika kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye nafasi ikaongezwa hadi 95. Huku Kongo, FM inafika hadi 108. Kwa hiyo gari inapofika, redio yake ya asili haiwezi kushika stesheni inayotangaza kwenye 100 au 105. Mwenye gari anasikia mlio tu, kisha anaamua kununua redio nyingine. Redio mpya ikiisha kuwekwa, ndipo inagunduliwa kwamba mlango mmoja hauimbi, au miwili.

Mara nyingi bafle yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye bawaba. Mlango wa gari ya kubeba abiria ukifunguliwa mara 50 kwa siku, kwa mwaka mzima umefunguliwa zaidi ya mara 18.000. Kila mara waya unakunjwa na kunyooshwa mahali pale pale. Gari ikiwa imefanya miaka 15 au 20, nyuzi ndogo za ndani ya waya zimekatika moja baada ya nyingine, ingawa ngozi yake ya nje bado inaonekana nzima.

Wenye kutengeneza gari walilijua jambo hilo. Ndiyo maana kati ya nguzo na mlango waliweka bomba la mpira lenye mikunjo, mfano wa kinanda cha mkono. Bomba hilo linauacha waya ujikunje polepole, linauzuia usisuguane na chuma, na linafukuza maji na vumbi. Waya unaopitishwa nje ya bomba hilo unanyimwa ulinzi wote huo. Unabanwa mlango unapofungwa, unakwaruzwa na ukingo wa chuma, unapigwa na mvua kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne, tena vumbi ya kiangazi inaingia pamoja nao.

Ngozi ikiisha kukwaruzika, shaba inagusa bodi. Hapo kuna jambo ambalo mafundi wa zamani wanapaswa kujifunza upya. Katika redio za zamani ilikuwa kawaida waya mmoja wa bafle kuunganishwa na bodi ya gari, ili kuokoa waya. Katika redio nyingi za leo nyaya zote mbili za bafle, ile ya kuongeza na ile ya kupunguza, zinatoka kwenye ampli ya ndani. Hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kugusa bodi. Ukigusa, redio iliyo nzuri inajizima yenyewe ili kujikinga. Ile ya bei ya chini inaungua, na mwenye gari anaanza kumtukana muuzaji wa redio aliyemwuzia kitu kizima.

Tena waya wa bafle hauko peke yake mlangoni. Pembeni yake kuna nyaya za kupandisha kioo na za kufunga mlango kwa funguo. Hizo zinabeba umeme wa batri, na umeme wa batri hauna mchezo. Fundi anayetoboa mlango bila kuangalia, au anayevuta waya kwa nguvu, anaweza kuzikwaruza hizo pia. Kinachobaki kuokoa gari ni fyuzi. Sasa fikiria gari ambayo fyuzi yake ilikatika zamani, na mahali pake pakawekwa kipande cha waya au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Fikiria tena kwamba nyuma kuna bidoni za esanse za kwenda kuuza kijijini. Hapo hatuzungumzi tena juu ya muziki.

Njia iliyo sahihi haina siri, na haihitaji mashine ya bei kali. Kabla ya kufungua chochote, waya unapimwa. Nyaya mbili za bafle zinatolewa kwenye redio, kisha zinaguswa haraka na betri ndogo ya tochi ya volti 1,5. Bafle ikitoa mlio "tak", waya ni mzima na kosa litafutwe kwenye redio. Isipotoa mlio, ubao wa mlango unafunguliwa na betri inaguswa kwenye bafle yenyewe. Ikilia hapo, basi waya umekatika njiani. Dakika kumi za kupima zinaweza kumwokolea mtu pesa ya bafle ambayo hakuihitaji.

Kisha waya wa batri, upande wa kupunguza, unafunguliwa. Bomba la mpira linatolewa kwa vidole pande zote mbili, si kwa bisibisi inayolitoboa. Waya mgumu, kwa mfano kebo ya breki ya baiskeli, unapitishwa kwanza ndani ya bomba. Waya mpya unafungwa kwenye mkia wake na kuvutwa taratibu. Maji kidogo ya sabuni yanasaidia ukikwama. Waya uachwe mrefu kidogo mahali pa kukunjika, ili mlango ukifunguka wote usivutike. Gari nyingine hazina nafasi ya kupitisha kitu kwenye bomba, kwa sababu zina plagi kwenye nguzo. Hapo ikibidi kutoboa tundu, tundu hilo livalishwe pete ya mpira. Chuma kitupu hakiachwi kigusane na waya.

Ndani ya mlango, waya ufungwe mbali na njia ya kioo. Kioo kikishuka na kuukuta, kitaukata kama kisu. Karatasi ya plastiki iliyogandishwa nyuma ya ubao irudishwe mahali pake: maji ya mvua yanaingia ndani ya mlango siku zote na kutoka kupitia matundu ya chini, na plastiki hiyo ndiyo inayoyazuia yasije kwenye ubao na miguuni mwa abiria. Wengi wanaipasua na kuitupa, kisha wanashangaa kwa nini gari inanuka ukungu. Na chini ya usukani, nyaya zilizovikwa rangi ya manjano na plagi za manjano ziachwe kama zilivyo, kwa kuwa mara nyingi ni za mfuko wa hewa unaopasuka wakati wa ajali.

Upande wa redio, rangi zinasaidia. Kwenye redio nyingi zinazouzwa, waya wa manjano ni wa batri moja kwa moja, mwekundu ni wa funguo, mweusi ni wa bodi. Nyeupe na kijivu ni za bafle za mbele, kushoto na kuume. Kijani na zambarau ni za nyuma. Waya wenye mstari mweusi ni wa kupunguza. Bafle moja ikigeuzwa, inaimba, lakini sauti nzito inapotea na mwenye gari anadhani bafle ni mbovu. Na anayetaka kuongeza ampli kubwa, waya wake wa kutoka batri uwe na fyuzi karibu na batri, si karibu na ampli. Fyuzi iliyo mbali hailindi waya ulio kabla yake.

Linabaki jambo la waya wenyewe, na hapa kuna aibu inayowahusu wengi kuliko mafundi wa Katanika. Kongo ni kati ya nchi zinazochimba shaba nyingi kuliko zote duniani. Kalemie yenyewe, kabla ya majimbo kugawanywa mwaka 2015, ilikuwa ndani ya Katanga, nchi ya shaba. Lakini waya wa bafle unaouzwa kwa mita madukani unatoka nje, na mwingi si shaba: ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini inapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, na ubaya wake mkubwa kwa mlango ni kwamba haivumilii kukunjwa. Kuutambua ni rahisi: kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, mrudishie muuzaji. Waya wa milimita mraba 1,5 wenye nyuzi nyingi ndogo unatosha kwa redio ya kawaida. Mlango wa mbele unahitaji kama mita 3, wa nyuma mita 5 au 6. Mwenye gari anayebishana kwa ajili ya mita 3 atalipa kazi hiyo mara mbili.

Kuna wanaosema kwamba haya ni maneno ya watu wenye pesa. Wanasema gari ya kubeba abiria ikilala garaji nusu siku, dereva hapati malipo anayopaswa kumpelekea mwenye gari jioni. Wanasema pia kwamba barabara mbovu zitaiua gari kabla ya waya. Neno la kwanza lina ukweli, na si haki dereva abebe hasara hiyo peke yake. Gari ni ya mwenyewe. Nusu siku ya matengenezo aihesabu yeye. Lakini neno la pili halisimami. Barabara mbovu ndiyo sababu ya kufunga waya vizuri zaidi, maana kila shimo linautikisa mlango na kila kilichomo.

Kwa mafundi, heshima ya kazi inaanza kwa mambo matatu. Wakatae kupitisha waya nje ya mpira, hata mteja akiomba. Waandike kwenye karatasi walichobadilisha na siku, ili kosa likirudi ijulikane ni la nani. Na wasimwache mwanafunzi wa garaji peke yake na mlango kabla hajaonyeshwa. Katanika ilipokea watu wengi waliokimbia mapigano ya Wabatwa na Waluba kuanzia 2016 na 2017. Kijana aliyefika pale bila shamba anahitaji kazi ya mikono inayoaminika. INPP, chuo cha serikali cha kufundisha kazi kilichoundwa mwaka 1964, kipo kwa ajili ya vijana wa namna hiyo. Umeme wa gari ustahili nafasi ndani ya mafunzo hayo sawa na injini.

Kwa wenye gari, ombi ni moja: kabla ya kulipa, fungeni na kufungua mlango mara kumi huku redio inaimba, shusheni kioo hadi chini, kisha angalieni pale kwenye bawaba. Mkiona waya unaning'inia nje, kazi haijaisha.

Mwaka 2024, maji ya ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia katika nyumba za Kalemie, mtu aliye njiani alihitaji kujua maji yamefika wapi na wapi hapapitiki. Habari za namna hiyo zinakuja kwa redio, na mara nyingi abiria wanne au watano wanazisikia pamoja kwa bafle moja ya mlangoni. Ndiyo maana waya huo mwembamba unastahili mita 3 za shaba, mpira wake, na nusu siku ya fundi.