Gari ya Rahisi na Gharama Zake: Tusighushiane

Ndugu msomaji, simama asubuhi pale Darajani, au katika njia iendayo Mwanakwerekwe, uzitazame gari zinazopita. Aghalabu utaona Vitz, IST, Starlet moja moja zilizosalia, na keri iliyopakia mboga au matofali. Nyingi katika hizo zilitumika Japani kabla ya kufika kwetu. Kampuni ya Toyota iliacha kuunda Starlet mwaka 1999, na Vitz ikashika nafasi yake mwaka huo huo. Maana yake ni kwamba Vitz za mwanzo leo zimekwishapindukia robo karne.

Kumiliki gari kuukuu si aibu. Kwa wengi wetu ndiyo njia ya kumfikisha mgonjwa hospitali, watoto skuli na samaki sokoni. Tunalolisema ni hili: bei ya kununulia ni sehemu moja tu ya gharama. Sehemu ya pili hulipwa kidogo kidogo katika gereji, na asiyeilipa kwa wakati wake huilipa kwa mkupuo.

Huko Japani gari binafsi hukaguliwa kisheria ikitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama zake, na ni moja katika sababu zinazomfanya mwenyewe kuiuza gari ingali inatembea vizuri. Inapofika Unguja hukutana na mambo matatu: hewa ya bahari, maji ya visima na mazoea yetu.

Hewa ya bahari huleta kutu. Kutu haianzi pale inapoonekana. Huanza chini ya sakafu, katika maungio ya chasisi na katika vibomba vya chuma vinavyopitisha mafuta ya breki. Anayetaka kuuza hupiga puti, akapaka rangi, gari ikang'ara. Mnunuzi hutazama rangi, naye alipaswa kulala chini atazame tumbo la gari.

Kisha maji. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya chokaa, na kila mama anaijua ile gaga nyeupe inayoganda ndani ya birika. Gaga hiyo hiyo huganda ndani ya rejeta, njia za maji zikaziba, gari ikachemsha. Hapo hutokea fundi akaing'oa themostati, akidai kwamba nchi yetu ni ya joto na haihitaji kifaa hicho. Hiyo si tiba. Bila ya themostati injini hukawia kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na rejeta iliyoziba hubaki imeziba. Dawa ni kusafisha rejeta, kutazama pampu ya maji na mipira yake, na kutia maji maalumu ya rejeta badala ya maji ya kisima.

Tatu ni mazoea. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa kawaida yapasa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuyabadilisha? Brekipedi zikiisha hulia. Tukiziacha zinalia, chuma husaga chuma, na aliyepaswa kununua pedi peke yake hununua na diski. Vitz nyingi za kuanzia mwaka 2005 zina gia ya mkanda, yaani CVT, inayotaka mafuta yake maalumu. Ukitia mafuta ya gia ya kawaida ya otomatiki, unaiua gia kwa mkono wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yametufika wenyewe. Tulinunua Vitz kwa kuchangiana, muuzaji akituapia kwamba injini haijapata kuguswa. Siku ya kwanza ya safari ndefu, katika njia ya Makunduchi, mshale wa joto ulipanda mpaka juu. Ilipofunguliwa, themostati haikuwamo, rejeta imejaa gaga, na gasketi ya silinda hedi imekwishaungua. Tulilipa matengenezo, lakini lililotuuma zaidi ni kile kiapo.

Hapa ndipo suala la gari linapokuwa suala la dini. Sote tunajua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula akakuta umajimaji, kisha akamkemea mwenye mali kwa kuuficha chini. Kuna tofauti gani baina ya nafaka iliyoloa iliyofunikwa kwa kavu, na kutu iliyofunikwa kwa puti? Na anayerudisha nyuma hesabu ya kilomita, je, hakuandika uongo kwa tarakimu?

Wako watakaosema: sisi ni masikini, hatuna uwezo wa matengenezo ya kila mara. Tunawajibu kwamba masikini ndiye asiyemudu kuchelewa. Anayeweka shilingi 2,000 kila siku kwa ajili ya gari yake huwa na 60,000 kwa mwezi wa siku 30, na zaidi ya 700,000 kwa mwaka. Mpira wa rejeta ukipasuka, hatahitaji kukopa wala kuiendesha hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Muuzaji aitaje kasoro anayoijua kabla ya kupokea fedha. Fundi amwoneshe mwenye gari kifaa alichokitoa na alichokitia, wala asitie spea ya bandia kwa bei ya asili. Na mwenye gari asikubali kupakia abiria hali ya kuwa anajua breki zake hazishiki vyema. Abiria wanaopanda kwenda Nungwi au Jambiani hawaoni kilicho chini ya gari. Wamemwachia dereva roho zao. Hiyo ni amana, na amana itaulizwa.

Ndugu zetu, kabla hujaiwasha gari yako kesho, fungua boneti, tazama maji, tazama mafuta, kisha kanyaga breki. Na kama unakusudia kuiuza, mwambie ndugu yako ulichokiona.