Barua kwa Mnaokwenda Kuhesabiwa

Ndugu zangu wa Marangu, na ninyi wa Dar es Salaam mnaojiandaa kupanda kwenda kuhesabiwa na ukoo Desemba hii,

Naandika kutoka Leicester, Uingereza, mwishoni mwa Novemba kwa makusudi, kabla simu hazijaanza kuita. Najua mabasi yatajaa, nauli zitaruka juu ya zile zilizotangazwa, na waliowahi tiketi za treni ya Moshi watawacheka waliochelewa. Najua pia pombe ya mbege itapikwa, mbuzi wa ndafu atachomwa, na baada ya Krismasi ukoo utakaa kikao. Nayatamani yote hayo, ila leo nataka tuongee jambo ambalo sisi wa huku tunaliongea wenyewe kwa wenyewe tu, nje ya kanisa baada ya ibada ya Kiswahili: Desemba inatuumiza.

Kwanza giza. Sehemu kubwa ya mwezi huo hapa jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Anayefanya zamu za usiku anaweza kumaliza wiki bila kuliona. Mwili uliokulia kwenye mwanga wa karibu saa kumi na mbili kwa siku mwaka mzima unachanganyikiwa: unalala sana lakini usingizi haushibi, unakula wanga kupita kiasi, unalia na hujui unalilia nini. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake wa Marekani waliieleza hali hii kama ugonjwa: sonona inayokuja na majira ya giza na kuondoka nayo. Kwa hiyo binti yenu wa Ulaya akisema hana nguvu hata ya kuongea, msikimbilie kumtafuta aliyemroga. Mwambieni atoke nje saa sita mchana, hata kama kuna mawingu. Mwambieni pia atumie vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, ambayo wataalamu wa afya wa serikali ya hapa wanashauri watu waifikirie majira ya vuli na baridi. Maombi nayo yaendelee, sikatazi.

Halafu kazi. Wazee tunaowatunza hawana sikukuu. Lazima waoshwe, walishwe, wapewe dawa. Tarehe 25 Desemba treni hazitembei na mabasi ni ya kutafuta kwa tochi, hivyo wengi wetu huenda zamu kwa miguu au kwa kuchangia teksi. Na wapo wenzetu walioachana na watoto wao uwanja wa ndege, kwa sababu mfanyakazi wa kutunza wazee aliyekuja kwa viza mpya kuanzia Machi 2024 haruhusiwi kuleta mke, mume wala mtoto. Hao sikukuu yao ni ya kwenye simu.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe, maana ndipo penye kidonda.

Mnapiga hesabu hivi: kima cha chini huku, kilipopandishwa Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Pauni moja inazidi shilingi 3,000. Basi shangazi anaingiza karibu elfu arobaini kila saa. Hesabu hiyo ni sahihi, ila mmeiachia katikati. Kuna kodi ya serikali, kuna kodi ya chumba (chumba, si nyumba), kuna nauli, na kuna umeme na gesi ambavyo wengi wetu tunavilipia kabla kama LUKU. Baridi haikopeshi.

Hata hivyo, kutoa kwenyewe hakunisumbui. Tumelelewa tukijua aliyepata huwainua wenzake, na sitaki mila hiyo ife mikononi mwangu. Kinachonikosesha usingizi ni namna maombi yanavyokuja. Saa kumi alfajiri simu inatetemeka: "Shikamoo shangazi." Basi, hakuna zaidi. Kila Mtanzania anajua salamu iliyoachwa hivyo bado haijaisha. Kesho ni mbuzi, keshokutwa ni bati za kanisa, kisha kadi ya mchango wa harusi, kisha kitenge cha sare ya harusi hiyohiyo. Mwaka mpya ukiingia ni godoro, ndoo na rimu za karatasi za anayeanza kidato cha kwanza, "na uweke ya kutolea." Kila mmoja ananiomba kwa siri na kumalizia kwa "usimwambie baba." Najikuta nimebeba siri sita za nyumba moja, na ya saba ikija moyo unaenda mbio kabla sijaisoma.

Hali hiyo ina msaada: hapa Uingereza huduma ya afya ya umma ina tiba ya mazungumzo bila malipo, na ukiwa England unaweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari. Wengi wetu tunaiogopa tukidhani ni ya vichaa. Mimi nilikwenda. Sikupewa maajabu, nilipewa utaratibu. Ujumbe wa nyumbani nausoma mara moja kwa siku, nikishalala na kula. Fedha ya Desemba naitenga Septemba, naigawa, na ikiisha nasema imeisha. Mwanzoni niliitwa mchoyo kwenye kundi la ukoo. Nilipona kuliko nilivyoumia.

Najua nanyi mna mzigo wenu. Wapo walioko Dar ambao kila Desemba husingizia kazi, kumbe hawana nauli wala cha kubeba mkononi. Huo nao ni msongo uleule, na tumeutengeneza wenyewe kwa kumtazama mtu mifuko kabla ya uso. Waacheni wapande mikono mitupu. Na sisi wa ughaibuni tuache kutuma picha za taa za mjini huku tukinyamaza kuhusu madeni. Kisha tunashangaa mkituamini.

Ombi langu liingizwe kwenye ajenda ya kikao cha mwaka huu. Mahitaji ya Desemba na Januari yaandikwe kwenye orodha moja, ishikwe na mtu mmoja, isomwe mbele ya wote, baba akiwemo, na kuanzia mwakani ifike kwetu kabla ya Oktoba kwisha. Asiyeweza kutoa aseme mbele ya watu, asiandamwe.

Siku ya kikao nitakuwa nimetoka zamu ya usiku. Nitapiga saa sita mchana ya kwenu. Wekeni simu kwenye spika, nataka kuwasikia wote.

Shangazi yenu,
Leicester