Mwanagenzi Si Mtumishi wa Bure

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2021, neno moja halikauki vinywani mwa watu wa Mpeketoni, Hindi na Witu: kazi zachukuliwa na wageni, na watoto wetu wakaa barazani. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala sikusudii kulipinga. Serikali iliahidi kuwalipia masomo vijana 1,000 wa Lamu ili wapate kazi za bandari, na wako waliosoma, wakarudi na vyeti, wakaendelea kungoja. Hayo yana wenyewe wa kuyajibu. Mimi leo nataka kusema juu ya jambo ambalo sisi wenyewe, wakulima wa skimu, twaweza kulifanya bila kungoja meli.

Barua za kuomba kazi hupita mezani pangu mara kwa mara. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, siwezi kuzisoma kama karani tu. Huanza kumtafuta mwanafunzi nyuma ya maandishi. Nimeona kwamba waombaji ni wa namna mbili. Wa kwanza ana cheti, lakini hajapata kushika kazi yenyewe. Amesoma juu ya pampu ya maji, hajapata kuifungua. Wa pili amefungua pampu mia, lakini hana karatasi yoyote ya kuonyesha. Mwajiri huwatazama wote wawili, akampeleka mtu kutoka Mombasa mwenye vyote viwili, cheti na mkono. Hapo ndipo sisi husema tumeonewa.

Dawa ya jambo hili yajulikana duniani, nayo ni kumfundisha kijana kazini, penye kazi ya kweli, chini ya mtu aijuaye, kisha kumpeleka akatahiniwe na mtu mwingine. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Moja likikosa, kijana amepunjwa.

Watu wa pwani hawahitaji kufunzwa maana ya uanagenzi. Nenda Matondoni, kisiwani Lamu, ukawatazame waundao majahazi. Kijana huanza kwa kushika ubao na kutayarisha pamba ya kukalafatia, baadaye hupewa keekee, na tezo humjia mwishoni. Fundi hamwachi alitie tezo ubao wa thamani siku ya kwanza, wala hamwachi mwaka mzima akichota maji. Kila hatua ina kazi yake, na kila kazi yamfaa fundi siku ileile: pamba ya kalafati ni lazima itayarishwe na mtu. Hivi ndivyo chombo kinavyokwisha na fundi mpya anavyopatikana. Ila upungufu wake ni huu, kwamba sifa ya kijana yule yajulikana Matondoni na Shela tu. Akifika kwenye karakana ya meli Mombasa ataulizwa karatasi, na ulimi wake hautamsaidia.

Sasa, mwajiri ni nani? Wengi wetu tukisikia neno hilo twafikiria kampuni kubwa yenye lango na askari. Lakini mwenye kitalu cha miche ni mwajiri. Mwenye karakana ya pikipiki hapo Mpeketoni ni mwajiri, na mwenye kinu cha kusaga mahindi, na mwenye duka la dawa za mifugo, na chama cha ushirika, na mkulima atafutaye vibarua wakati wa kuchuma pamba. Katika skimu zetu baba mmoja aweza kuwa mwajiri asubuhi, na jioni akawa mzazi wa kijana asiye na kazi. Basi neno hili latuhusu pande zote mbili.

Wazee waliohamia Ziwa Kenyatta miaka ya 1970 wengi walitoka bara, hawakupata kupanda mkorosho wala mnazi. Skimu ilijengwa kwa msaada wa Ujerumani, nao walijifunza mazao ya pwani wakiwa wameshika jembe, si darasani. Wajerumani kwao hufanya vivyo hivyo kwa mpango. Mwanagenzi hukaa siku tatu au nne za juma kazini na siku moja au mbili shuleni, kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu na nusu, na mwenye kazi humlipa posho. Mwisho mtihani wake hautolewi na bwana wake peke yake bali na baraza la watahini. Jambo hilo la mwisho ndilo nilipendalo kuliko yote. Mwalimu akimtahini mwanafunzi wake mwenyewe, humpa alama za mapenzi au za hasira. Nasema hivyo kwa kuwa nimepata kushika chaki.

Tuje kwenye hesabu, maana mkulima hupenda hesabu kuliko hotuba. Tuseme una kitalu cha miembe, nawe wamchukua kijana kumfundisha kupandikiza. Wampa mashina 100 ya mwembe wa kienyeji, na vikonyo vya Ngowe au Apple. Mkono wake bado mzito. Kisu chakata pabaya, utepe haukazwi sawasawa, maji yaingia. Tuseme yashika 30 tu. Hapo umepata hasara, wala nisikudanganye kwamba haiko. Mwezi wa pili yashika 60. Mwezi wa tatu yashika 85, nawe sasa una mikono miwili zaidi katika kitalu, na wewe mwenyewe waweza kwenda sokoni bila kazi kusimama. Hasara ya mwezi wa kwanza ndiyo ada uliyomlipia, na faida ya miezi ifuatayo ndiyo marejesho. Atakayemfukuza kijana mwishoni mwa mwezi wa kwanza kwa sababu aua miche, huyo amelipa ada akaacha kuchukua mali.

Pamba ni vivyo hivyo. Sote twajua tofauti ya bei kati ya pamba safi, daraja la kwanza, na ile pamba fifi iliyochanganyika na majani makavu na vumba zilizotiwa madoa. Kibarua asiyefunzwa huchuma yote pamoja, tena asubuhi umande ungaliko, akaitia katika gunia la nailoni ambalo nyuzi zake huingia katika pamba na kuiharibu kiwandani. Kumfundisha kuchagua shambani, mfuko huu wa safi na huu wa fifi, kwachukua siku mbili. Siku mbili hizo zaokoa bei ya msimu mzima. Lakini ni wangapi wanaozitoa? Wengi wetu humwonyesha kibarua upande wa shamba kwa kidole, kisha tukalalamika mbele ya mizani.

Watu wengine husema, "Nikimfunza ataniacha aende kwa mwingine." Ni kweli, wengine wataondoka. Lakini fundi akutengenezeaye pikipiki leo alifunzwa na mtu ambaye si wewe, nawe wafaidi ujuzi usioulipia. Yule mwingine atasema vivyo hivyo juu yako. Tena, mara nyingi kijana aliyefunzwa huondoka kwa sababu bwana wake ameendelea kumlipa kama siku aliyoingia. Mwongeze kidogo kadiri mkono wake unavyoongezeka, utaona kama ataenda.

Nchini Uganda wataalamu wa uchumi walilipima jambo hili kwa uangalifu, na matokeo yao yalichapwa mwaka 2020. Waliwachukua vijana wasio na uwezo, wakawapa wengine mafunzo ya miezi sita katika vyuo vya ufundi, na wengine wakawatia katika karakana ndogo wajifunze kazini. Makundi yote mawili yalipata kazi na mshahara zaidi kuliko vijana walioachwa bila mafunzo. Wale wa karakana ndio waliotangulia kupata kazi. Lakini miaka ilivyoendelea wale wa chuoni waliwapita, kwa kuwa walipopoteza kazi moja waliweza kupata nyingine: walikuwa na cheti kilichosomeka na bwana yeyote. Wa karakana ujuzi wake ulijulikana na mtu mmoja. Nawaomba msilisome fungu hili haraka. Halisemi kwamba mafunzo ya kazini ni mabaya. Lasema kwamba mafunzo ya kazini bila cheti hukoma mlangoni pa karakana.

Na cheti chapatikana. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo watu huiita NITA, hutoa mtihani wa ufundi wa serikali wa madaraja matatu, kuanzia Gredi ya III mpaka ya I. Hii ndiyo ile ambayo vijana huiita "gredi". Mtu hatakiwi awe amepita chuoni. Aliyejifunza chini ya mwembe, mradi aijue kazi, aweza kuketi. Taabu ni kwamba kituo cha NITA kilicho karibu nasi kiko Mombasa, na kutoka Mpeketoni mpaka huko, kupitia Witu, Garsen na Malindi, ni nauli, malazi na chakula juu ya ada ya mtihani. Kijana wa kufagia karakana hatazipata fedha hizo. Bwana wake aweza.

Kuna pia sheria ambayo wenye vyama vya ushirika hawaitazami sana. Mwajiri hutakiwa kulipa ada ya mafunzo ya NITA, ihesabiwayo Sh. 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Chama chenye wafanyakazi 20 hutoa Sh. 12,000 kwa mwaka. Mwajiri alipaye, akiwapeleka watu wake katika mafunzo yaliyokubaliwa mapema, aweza kudai arudishiwe gharama. Kulipa bila kupeleka hata mtu mmoja ni sawa na kulipia maji ya mfereji ukaenda kuteka kisimani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. Wako wenye karakana wamechukua jina la mafunzo kuwa njia ya kupata mtumishi wa bure. Nimemwona kijana, simtaji yeye wala bwana wake, aliyekaa miezi 14 akifagia, akileta chai na kuosha mikono ya wengine kwa mafuta ya taa, na siku alipouliza atafunzwa lini kuchomelea aliambiwa hana heshima. Huyo si mwanagenzi. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, iliyopitishwa mwaka 1959 na kurekebishwa mara kadhaa, yataka mkataba wa uanagenzi uandikwe na kusajiliwa. Hata pale ambapo watu hawafiki kwenye usajili, karatasi ya ukurasa mmoja yatosha kuzuia ugomvi: kijana atafunzwa nini, kwa miezi mingapi, atapewa nini cha nauli na chakula, na ni nani atakayelipa mtihani. Aliye chini ya miaka 18 asipewe pampu ya dawa ya sumu wala mashine ya kukata, hata baba yake akikubali.

Tena tuangalie ni nani tunayemchukua. Desturi yetu ni kumchukua mtoto wa shangazi, au wa jirani tuliyetoka naye bara. Kule Pandanguo na Bargoni wako vijana wa Kiaweer ambao baba zao waliishi kwa kuwinda mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977. Nyuki wanawajua kuliko bwana shamba yeyote, lakini ni nadra kumwona mmoja wao katika karakana zetu. Binti aliyeacha shule kwa sababu ya mimba naye huambiwa aende akauze mahamri, kana kwamba kisu cha kupandikizia kina ndevu. Kiwete ana mikono. Mradi wa serikali uitwao NYOTA, uliopangwa kwa kaunti zote 47, umewekwa hasa kwa watu wa namna hii: vijana wa miaka 18 hadi 29, na walemavu hadi 35, ambao masomo yao hayakupita Kidato cha Nne. Ndani yake mna mafunzo ya kazini chini ya mafundi stadi, na pia kutambuliwa kwa ujuzi ambao mtu ameshaupata. Lakini mradi hauwezi kumpeleka kijana kwa fundi ambaye hakujitokeza.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa vyama vya ushirika na kwa mafundi wa skimu zote. Hesabuni vijana walio kazini mwenu ambao mkono wao umekwisha kukomaa lakini hawana gredi. Wakifika 30, chama na kiwaandikie NITA barua kuuliza kama watahini waweza kuja huku, kwa maana nauli ya watahini wawili ni ndogo kuliko ya vijana 30. Na mwenye kitalu, karakana au duka la dawa za mifugo aliye tayari kuchukua kijana mmoja msimu huu, alete ofisini jina lake, jina la kijana, umri wake na kazi atakayofunzwa. Asiyejua kuandika mkataba tutamsaidia kuuandika. Si zaidi ya mistari kumi, wala hapana malipo.