Wakuza chai wa Mogogosiek hula nini?

Msafiri apitaye Mogogosiek, katika Konoin, Kaunti ya Bomet, huona kijani kitupu pande zote akadhani kwamba amefika katika nchi ya shibe. Lakini kijani hicho hakiliwi. Ni michai, nayo imepandwa hadi ukingoni mwa nyumba, mahali ambapo zamani palikuwa na wimbi, mgagani na malisho ya ng'ombe.

Hapana shaka kwamba kilimo cha chai cha wakulima wadogo, kilichoenea baada ya KTDA kuundwa mwaka wa 1964, kimesomesha watoto wengi. Hata hivyo, kimemfanya mkulima kuwa mnunuzi wa chakula. Malipo ya kila mwezi hukidhi unga wa mahindi wa pakiti, sukari, mafuta na kabichi. Fedha zikipungua, maharagwe na matunda ndiyo ya kwanza kuachwa. Bonasi ikifika, basi ni nyama, soda na viazi vya kukaangwa kwa majuma machache. Kwa hiyo wanaowahubiria watu hawa kuhusu "kuchagua lishe bora" hawana budi kuuliza kwanza kama kuna cha kuchaguliwa.

Tatizo hili si la Mogogosiek peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban Wakenya 94 katika kila 100 hawakuwa wakila mboga na matunda ya kutosha. Ajabu ni kwamba hali hiyo inapatikana hata kwenye udongo ambao hauna msimu mrefu wa ukame.

Halafu kuna chai yenyewe. Wengi wetu hatuihesabu kuwa chai isipotoka motoni ikiunguza ulimi. Mwaka wa 2016, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi yamkini husababisha saratani ya umio. Ugonjwa huo si mgeni kwetu. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, papo hapo Bomet, wameupambana nao kwa miaka mingi, na baadhi ya wagonjwa wao ni vijana wasiotimiza miaka 30. Chanzo kimoja hakijathibitishwa. Watafiti wametaja tumbaku, pombe, uhaba wa mboga na matunda, na hata mursik, kwa sababu ya kemikali inayotokea maziwa yanapochacha. Najua nitakaripiwa kwa kukitaja kinywaji ambacho huwalaki mashujaa wetu wa riadha katika uwanja wa ndege. Sisemi kimwagwe. Nasema kwamba kuacha kikombe cha chai kipoe kwa dakika chache hakumgharimu mtu hata senti moja.

Aidha, chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe. Mama mjamzito na mtoto mdogo ndio wanaoathirika zaidi. Yafaa wangoje saa moja hivi baada ya kula.

Yote haya hayatatosha iwapo shamba halitaachiwa nafasi ya chakula, na hapo ndipo penye kizingiti. Aghalabu wanawake ndio wachumaji, ilhali nambari ya mkulima katika kituo cha kununulia majani ni ya mume, na fedha huingia katika akaunti yake. Mke anayeomba mistari michache ya michai ing'olewe ili apande mgagani na mnavu huonekana kana kwamba anampunguzia mumewe kilo. Anachoomba hasa ni mboga ambazo familia hiyo hununua sokoni kwa fedha za kilo hizo hizo. Maafisa wa kilimo wanaozunguka vituoni kufundisha upogoaji na matumizi ya mbolea wangeweza kuwafanyia mume na mke hesabu hiyo, wakiwa wameketi pamoja, kabla ya bonasi ijayo kugawanywa.