Chemchemi ya Werugha na Haki ya Jirani

Tumeulizwa na mama mmoja wa Werugha: yafaa chemchemi ya mlimani kujengewa kiwanda cha maji ya chupa?

Kuuza maji yaliyokwisha kutiwa chomboni ni halali. Mafakihi wamelikubali hilo. Chemchemi yenyewe ni jambo jingine. Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, na akakataza kuyazuia yaliyozidi haja. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 nayo haimpi mtu umiliki wa chanzo. Humpa kibali cha kuyatumia tu.

Basi tuwatazame kwanza walio chini ya chanzo. Werugha hulima mboga, na vijito vya milima ya Taita ndivyo viulishavyo mto Voi. Pampu ikivuta usiku kucha wakati wa kiangazi, wa kwanza kulijua ni mama aamkaye alfajiri na mtungi wake. Tena maji hayo yatokana na mvua na ukungu unaonaswa na miti ya asili, kama ile ya msitu wa Ngangao. Mkaratusi uliopandwa penye chanzo hunywa wala haushibi.

Kwa hiyo mwenye kiwanda apimiwe maji ya kiangazi, si ya masika, na arudishe miti ya asili. Chupa tupu nazo azikusanye (ingawa harusi zetu wenyewe ndizo zizimwagazo).

Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akakifanya wakfu. Mwenye kiwanda haombwi kiasi hicho. Aombwe bomba moja nje ya ua, lisilofungwa. Mama yetu na alitaje hilo mkutanoni, kabla kibali hakijatiwa saini.