Kabla hujaongeza "nguvu" ya gari, angalia mtaji wako

Ndugu zangu wa maduka na mazao, leo naongelea gari. Ukishuka kutoka Mgwashi na viazi au kabichi, ukarudi na sukari na sabuni, mafuta ya gari yapo ndani ya bei ya kila kitu unachouza. Gari ikikosea, faida imeondoka.

Sasa kuna ushauri unatembea: gari ikichoka mlimani, funga plagi za iridium, koili za moto mkali na lile chujio la hewa la duara, itaruka yenyewe. Mimi nasema hivi: kwa Probox au Noah ya kubeba mzigo, hiyo ni hela ya mtaji unaitupa.

Nguvu ya injini inaanzia kwenye hewa. Kila ukipanda mita 1,000, hewa inakuwa nyepesi kwa takribani asilimia 10, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Plagi kazi yake ni kuwasha tu. Kama ya zamani ilikuwa inawasha vizuri, ya bei mbaya haitakuletea hewa ambayo haipo. Iridium faida yake ni kudumu: inaweza kufika kilomita 100,000, wakati ya kawaida ni kama 20,000. Nunua kwa sababu hiyo, sio kwa ajili ya mbio.

Chujio la duara ndiyo hatari zaidi. Baada ya chujio kuna sensa ya hewa, ina waya mwembamba unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza, hapo kompyuta inajua hewa ni kiasi gani na inatoa mafuta ya kutosha. Sensa imepimiwa bomba lake la kiwandani. Ukibadilisha bomba, inasoma uongo. Chujio la kupakwa oili likizidishiwa, oili inaganda kwenye waya. Na likikaa wazi chini ya boneti linavuta hewa ya moto, ambayo ni nyepesi zaidi.

Gari ikichoka, anza na haya:

1. Toa chujio uliangalie. Vumbi la kiangazi huku kwetu halina huruma. Likiwa limeziba, weka jipya la aina ile ile.

2. Safisha sensa kwa dawa yake maalum ya kupuliza. Usiifute kwa kitambaa wala kuipiga kompresa.

3. Gari inamisi? Fundi abadilishane koili ya silinda inayomisi na ya jirani. Misi ikihama, koili hiyo imekufa. Nunua moja, sio nne.

4. Plagi ziwe za namba inayotakiwa na injini yako.

Utaambiwa magari ya mashindano yanafunga hivyo vitu. Sawa, lakini yale injini imetengenezwa upya na kompyuta imepangwa upya. Wewe unabeba viazi.

Tuseme umeombwa laki tatu. Laki tatu kwenye duka la kijijini ni mzigo unaozunguka na kurudi na faida. Rudisha gari kwenye hali yake ya kawaida, inayobaki ongeza bidhaa.

Mtumie na mwenzako anayepandisha mzigo, kabla hajaenda kwa fundi.